Famasi ya Majengo iliyonikatalia chupa ya nne ya dawa ya kikohozi

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Agosti nilikuwa na kikohozi kikavu ambacho kilinishika zaidi usiku na kila nilipozungumza kwa muda mrefu darasani. Katika muda huo nilinunua dawa za maji, asali na vidonge vya antibiotiki, na kilichonifikisha kwenye nafuu hakikuwa kimojawapo kati ya hivyo, bali maswali niliyoulizwa na mfamasia wa famasi moja ndogo iliyo nyuma ya Soko la Majengo hapa Dodoma. Tathmini hii ni ya huduma yake, ingawa siwezi kuipima bila kueleza kwanza fedha zangu zilikopita.

Mtu anayekohoa Dodoma wakati wa kiangazi hahangaiki kutafuta sababu, kwa kuwa kila anayemsikia humpa ileile: vumbi. Mvua zikishakatika, upepo huinua udongo mwekundu na kuuingiza hadi ndani ya makabati, na ni kweli kwamba wapo wengi, hasa wenye pumu, ambao vumbi hilo huwakohoza. Mimi nami niliamini hivyo, nikavaa barakoa na kumwagia maji uwanja wa nyumba kila asubuhi. Nilichokosa kukitilia maanani ni kwamba mwezi Juni nilikaa Morogoro wiki nzima, penye kijani na unyevu, na kikohozi hakikupungua hata kidogo.

Dawa za maji nilinunua chupa tatu, kila moja katika duka tofauti, na hakuna muuzaji aliyeniuliza zaidi ya kama kikohozi ni kikavu au kina makohozi. Swali hilo ni la msingi, kwa sababu zipo dawa za kulainisha makohozi ili yatoke na zipo za kutuliza hamu ya kukohoa, na kumpa mwenye kifua kikavu dawa ya kulainisha ni kumpotezea fedha. Chupa ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo isiyonifaa. Ya pili ilikuwa na dawa ya mzio inayoleta usingizi, nayo kwa haki ilinipa usiku kadhaa wa kulala, ila asubuhi nilisimama mbele ya wanafunzi kichwa kikiwa kizito. Ya tatu ilikuwa tamu sana, na sina la kuongeza juu yake.

Asali nilinunua nusu lita kwa mchuuzi aliyenihakikishia kuwa imetoka Itigi, mkoani Singida, na ladha yake yenye ukali kidogo ilinifanya nimwamini, kwani sokoni zipo chupa zilizochanganywa na maji ya sukari. Kijiko kimoja kabla ya kulala kiliituliza koo kwa saa moja au mbili, jambo ambalo hakuna chupa ya famasi iliyolifanya vizuri zaidi. Kwa kikohozi cha mafua kinachoondoka chenyewe ndani ya wiki mbili au tatu, ningemshauri mtu aanze na asali kabla ya kununua kitu kingine, isipokuwa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, ambaye hapaswi kupewa asali kabisa kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwake. Lakini koo langu lilitulizwa tu. Chanzo kilibaki palepale.

Kuhusu antibiotiki nitasema kwa kifupi, kwa kuwa ninaona aibu. Niliuziwa vidonge vya rangi mbili bila cheti cha daktari, nusu dozi, kwa sababu ndivyo fedha yangu ilivyotosha siku hiyo, na muuzaji hakusita. Kikohozi kingi husababishwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviui, na matumizi ya namna hiyo ndiyo yanayoleta usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Nilipoingia famasi ya Majengo nilikuwa na ganda la chupa ya tatu mkononi na nia ya kununua nyingine. Mfamasia, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, aliniamkia, akalitazama ganda, kisha akasema, "Mwalimu, kabla sijakupa kitu naomba nikuulize kidogo." Aliuliza kikohozi kina muda gani, kama nimetoa damu, kama ninapungua uzito au kutokwa jasho usiku, kama kuna mtu nyumbani anayekohoa, na kama nikisafiri nje ya Dodoma hali hubadilika. Mwisho akauliza ni dawa gani nyingine ninazomeza kila siku. Nilimjibu kwamba ninameza cha shinikizo la damu tu, tena tangu Aprili, nikiona kwamba hilo halihusiani na kifua. Akaniomba nikalete ganda lake.

Kidonge hicho kilikuwa enalaprili. Alinieleza, kwa maneno ambayo hata mama yangu angeyaelewa, kwamba dawa za kundi hilo hushusha shinikizo kwa kuzuia kimeng'enya fulani mwilini, na kwamba kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunjavunja kemikali iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, kemikali hiyo hujikusanya katika njia ya hewa na kuiwasha, mtu akakohoa pasipo ugonjwa wowote kifuani. Kikohozi hicho kinaweza kuanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza au miezi kadhaa baadaye, na ndiyo maana wengi hawakihusishi na dawa. Zahanati niliyoandikiwa dawa ile haikunidokeza jambo hilo.

Nilichokithamini zaidi ni kwamba hakuniambia niache kidonge, kwa kuwa kuacha dawa ya shinikizo kiholela ni hatari kuliko kukohoa. Alikataa kuniuzia chupa ya nne na kunielekeza kituo cha afya cha serikali, kwanza nipimwe kifua kikuu, kwa sababu kikohozi kilichozidi wiki mbili hakipaswi kupita bila kipimo hicho, ambacho katika vituo vya serikali hakilipiwi. Makohozi yangu hayakuwa na vimelea na picha ya kifua ilikuwa safi. Daktari akanibadilishia enalaprili kwa losatani, ambayo hushusha shinikizo kwa njia nyingine. Wiki ya pili kikohozi kilianza kupungua, ya tatu nililala hadi alfajiri, na baada ya takriban wiki tano kikohozi kilikuwa kimekwisha.

Famasi yenyewe ina kasoro. Hakuna pembe ya faragha, kwa hiyo wateja watatu waliokuwa nyuma yangu walisikia habari zote za jasho langu na shinikizo langu, na mmoja wao alinipa pole ambayo sikuiomba. Jioni, watu wanapotoka kazini, foleni hufika barazani, na mfamasia huyo akiwa hayupo, kijana anayebaki huuza kama wanavyouza wengine. Losatani ninayoichukua hapo kila mwezi ni ghali kidogo kuliko ninavyoipata karibu na stendi, na bado naichukua hapo.

Anayetaka kuhudumiwa kama nilivyohudumiwa afike asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, siku za kazi, akiwa na maganda ya dawa zote anazotumia, hata zile anazodhani hazihusiani na kikohozi.