Pete ya safaya ya shilingi 280,000: nilivyoipima kabla ya kutoa pesa

Mwezi wa tatu nilikwenda Arusha kwenye sendofu ya binti wa dada yangu, nikarudi Tanga na swali lililonikaa kichwani wiki mbili nzima: ile pete niichukue au niiache? Naandika kwa ajili ya mtu mwenye hela yake ya kikoba, aliyeoneshwa jiwe la buluu na kuambiwa ni safaya, na hana wa kumuuliza.

Pete niliiona kwenye duka la sonara, katikati ya mji. Silva, ndani ina muhuri wa 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni silva, jiwe la umbo la yai, urefu kama milimita 9 na upana 7. Buluu iliyoiva, imekolea sawasawa kote kama wino. Bei 280,000. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Dada yangu, hii ni safaya orijino, inatoka Umba."

Angetaja mahali pengine popote huenda ningelipa palepale. Lakini mimi ni mtu wa Tanga, na mjomba wangu alichimba bonde la mto Umba, kule karibu na mpaka wa Kenya, nilipokuwa mdogo. Alikuwa akirudi na kopo la maziwa ya unga, ndani mawe yamefungwa kitambaani, ananimwagia kiganjani niyachambue kwa rangi. Mengi hayakufika ukubwa wa punje ya mahindi. Kulikuwa na ya chungwa, ya zambarau, ya kijani iliyofifia, mengine ya kahawia kama chai ya rangi. Moja sijalisahau: mchana uani lilikuwa la kijivu chenye ubuluu kwa mbali, usiku karibu na kibatari likageuka damu ya mzee. Nililipeleka nje na kulirudisha ndani mpaka mama akanifokea. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba safaya za kugeuka rangi ni sifa mojawapo inayojulikana ya Umba, na kwamba vanadiamu, aina ya metali iliyomo kidogo ndani ya jiwe, ndiyo inayofanya hivyo.

Buluu ya wino, kubwa kiasi kile, safi isiyo na doa, kwenye kopo la mjomba sikuwahi kuiona. Hiyo haitoshi kusema haipo. Ilitosha tu kunifanya nisitoe pesa siku ile.

Yule kijana aliona nasita, akaanza kunithibitishia. Akachukua kipande cha kioo, akakikwaruza kwa jiwe, mstari ukabaki kwenye kioo na jiwe likabaki salama. Akalihemea, ukungu wa pumzi ukatoweka mara moja. Akawasha kiberiti cha gesi, akalipitisha jiwe kwenye moto, halikufanya kitu. Mwishowe akanitolea kadi ngumu yenye nembo ya duka, imeandikwa kwamba ni jiwe halisi. Mtu yeyote angeridhika, na naamini hata yeye mwenyewe alikuwa ameridhika.

Shangazi wa bwana harusi mtarajiwa, mtu wa Arusha siku zote, ndiye aliyeniambia usiku ule, "Wifi, usilipe. Mwambie mwende pamoja kwa mpimaji, gharama ya kupima utoe wewe. Akikataa, umeshapata jibu lako." Arusha ni mji wa vito, una mabroka, wakataji, wapimaji, hata Kituo cha Jemolojia kinachofundisha kukata na kutambua mawe kiko hapohapo. Nikamsikiliza. Asubuhi nikaacha amana ya 50,000 dukani, tukaandikiana, nikapewa kijana mwingine wa dukani anisindikize na pete.

Mpimaji alikuwa mzee wa makamo, chumba kidogo ghorofani, meza ya hadubini na taa. Nilimwamkia, akaitikia, akanitajia bei yake: 30,000 kwa jiwe moja, jibu siku hiyohiyo na karatasi yenye sahihi yake. Nilifikiri ningeachiwa nje nisubiri. Badala yake akanivutia kiti. "Kaa uone mwenyewe, mwanangu, usije ukasema nimekusomea nyota."

Nikamweleza habari ya kioo na kiberiti. Akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningejiokolea usingizi. Ugumu wa vito hupimwa kwa ngazi 10, almasi iko juu kabisa, safaya na rubi ziko ngazi ya 9. Hizo mbili ni jiwe moja, korundamu, rangi tu ndizo zinazozitenganisha. Kioo kiko kama 5 na nusu. Kwa hiyo jiwe likikwaruza kioo, umejua kwamba si kioo, basi. Hata kwatsi, jiwe la kawaida lililo ngazi ya 7, inakwaruza kioo. Na safaya iliyopikwa, yaani iliyotengenezwa na watu kwenye tanuru la kiwandani, ni korundamu vilevile: ugumu uleule, uzito uleule, pumzi hutoweka vilevile. Majaribio yote ya dukani hayawezi kutenganisha jiwe lililochimbwa na jiwe lililopikwa.

Akaweka pete kwenye rifraktomita, kisanduku kidogo kinachopima jinsi jiwe linavyoupinda mwanga. Nikachungulia, akanisomea: 1.76 na 1.77. Hiyo ndiyo safaya. Tanzanaiti ingesoma 1.69 hadi 1.70. Spineli ya kutengenezwa, jiwe la aina nyingine ambalo nalo hupakwa jina la safaya mara nyingi, ingesoma 1.73 hivi, tena namba moja tu badala ya mbili. Nikafurahi. Nikamgeukia kijana wa dukani, naye akatabasamu. Mzee akasema, "Bado. Hapa tumejua ni ya ukoo gani, hatujajua kazaliwa wapi."

Akamimina maji kwenye bakuli la kioo, akaliweka juu ya karatasi nyeupe iliyomulikwa taa kwa chini, akaitumbukiza pete uso ukiangalia chini. Kwa bahati kiti cha jiwe, pale linaposhikiliwa kwenye pete, kilikuwa wazi kwa nyuma. Akaigeuzageuza polepole kwa kibanio, akasimama. "Angalia hapo. Usitafute jiwe, tafuta rangi."

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona. Ile buluu niliyodhani imekolea sawasawa ilikuwa na tabaka, hafifu mno, nyeusi kidogo na nyeupe kidogo, na kila tabaka limepinda. Mimi ni fundi cherehani, kila siku nachora kwa chaki mviringo wa shingo ya gauni na mkato wa kwapa. Ilikuwa mistari ileile: shingo moja ndani ya nyingine, ndani ya nyingine. Kwenye hadubini akanionesha na vitone viwili vitatu vya hewa, mviringo, vinang'aa.

Kwa nini imepinda? Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza namna ya kutengeneza rubi: unga wa alumina, ambayo ndiyo inayounda korundamu, unapita kwenye ndimi za moto wa hidrojeni na oksijeni, unayeyuka, unadondoka juu ya kitako kinachoteremshwa polepole, tone juu ya tone, mpaka linatokea gogo dogo la jiwe. Miaka michache baadaye buluu nayo ikapatikana, kwa kutia chuma na titaniamu, ambazo ndizo zinazoipa rangi hata safaya ya ardhini. Kichwa cha gogo lile ni cha mviringo, kwa hiyo kila tabaka jipya linalala kwa kupinda. Jiwe la ardhini hukua kwa nyuso bapa zenye pembe, na mistari yake ya rangi hunyooka na kukutana kwa kona. Kukata na kung'arisha hakuondoi mistari hiyo, maana ni namna jiwe lilivyokua.

Nilinyong'onyea, siwezi kuficha. Mzee akaniambia kuna ambayo yangekuwa mabaya zaidi. Siku hizi zipo safaya za ardhini zenye nyufa tele ambazo hujazwa kioo chenye kobalti ili zionekane safi na buluu. Hizo ni jiwe la kweli kwa jina, lakini moto wa sonara akichomelea pete unaziharibu, na rubi zilizojazwa kioo cha risasi huharibiwa hata na limau. Mimi mpishi wa Tanga, siku haipiti bila ndimu. Kuhusu safaya zilizochomwa tu ili rangi ikolee, alisema hizo ndizo nyingi sokoni na hakuna ubaya, mradi muuzaji aseme.

Akaandika karatasi yake: korundamu ya kutengenezwa, njia ya kuyeyusha kwa moto. Nikalipa 30,000. Kazi ya mzee huyu naisifu bila kupunguza neno: hakuniharakisha, hakumsema vibaya mwenye duka, na hakujaribu kuniuzia jiwe lake.

Dukani mambo yakawa mengine. Mwenye duka mwenyewe alitoka. Akasema pete zile huja zimeshatengenezwa tayari, yeye huuziwa kwa jumla, naye aliambiwa ni safaya. Hilo nalikubali, inawezekana kabisa. Kilichonichoma ni Umba. Nikamuuliza, jina la Umba lilitoka kwa nani? Akanyamaza, yule kijana akatazama sakafu. Watu wameingia kwenye mashimo ya bonde lile, wengine wametoka mikono mitupu miaka yote, mjomba wangu akiwa mmoja wao. Jina lile limelipiwa jasho. Kulipachika kwenye jiwe la kiwandani ili bei ipande ni dhuluma, na nilimwambia hivyohivyo, kwa sauti ya kawaida.

Akateremka hadi 150,000. Nikamwambia nampa 100,000, ila kwenye risiti aandike kwamba jiwe ni la kutengenezwa. Bei angeikubali, ila kuandika alikataa. "Dada, risiti zetu tunaandika pete tu." Nikachukua amana yangu, nikaondoka, kesho yake nikapanda basi.

Sasa hapa ndipo wengi wananiuliza: kama ulishajua si ya ardhini, ya nini tena kuitolea laki? Jibu langu ni kwamba niliipenda. Ile buluu ni nzuri, na kwa mikono inayoshika mkasi, pasi na sufuria kutwa nzima, ngazi ya 9 si kitu kidogo. Vumbi la barabarani lina chembe za kwatsi, linakwaruza kioo, na hata tanzanaiti, ambayo iko kati ya 6 na 7, pete ya kila siku inachakaa nayo. Safaya ya tanuru haitachakaa upesi. Kwa 100,000, silva ya 925 na jiwe la namna hiyo, kwangu ni haki. Kwa 280,000 na jina la Umba, ni kuibiwa. Jiwe la Umba la kweli nitalitafuta siku nyingine, dogo, la kijivu, nikiwa na mfuko mwingine, na nitalilipia pale tu mpimaji atakapoliona.

Ukienda kununua, omba kiti cha jiwe kiwe wazi nyuma, maana kilichozibwa kinaficha mengi. Kadi ya duka usiihesabu kuwa cheti, aliyeiandika ndiye anayekuuzia. Na uliza kwa maneno haya: limechimbwa au limetengenezwa? Ukiuliza "ni safaya kweli?" utajibiwa ndiyo, na aliyekujibu hajasema uongo.

Wiki mbili baadaye simu yangu ikaita, yule kijana wa kwanza. Akaniamkia, akaomba radhi kwa lile la Umba, akasema bosi amekubali 100,000 na maandishi. Nikamwambia anitumie kwanza picha ya risiti. Ikaja jioni nikiwa nashona: "Pete ya silva 925, jiwe la buluu la kutengenezwa." Muhuri, tarehe, sahihi. Nikaikuza kwenye simu nikaisoma mara mbili, kisha nikatuma pesa. Pete ilikuja na basi la Jumamosi ndani ya bahasha, risiti imeizunguka.