Darasa la makipa la Jumamosi hapa Kampala: mazoezi ni mazuri, safari ya nje ina walakini

Kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikimpeleka mwanangu, mwenye umri wa miaka 15, kwenye darasa la makipa linaloendeshwa kila Jumamosi asubuhi katika uwanja wa shule moja hapa Kampala, na kwa kuwa wazazi kadhaa wa mtaani kwetu wameniuliza kama linafaa kulipiwa, nimeona heri nieleze kwa kirefu mara moja. Jina la darasa sitalitaja, kwa sababu sehemu ya maelezo haya ni malalamiko.

Darasa linawavuta watu kwa jambo moja: ndoto ya kuwa kipa wa kulipwa ng'ambo. Ndoto hiyo hapa Uganda ina sura ya mtu, nayo ni sura ya Denis Onyango, aliyetoka SC Villa akaenda Saint George ya Ethiopia, kisha mwaka 2006 akahamia SuperSport United ya Afrika Kusini, na mwaka 2011 akajiunga na Mamelodi Sundowns. Kila mtoto pale uwanjani anaweza kukuhadithia mwaka 2016, jinsi Sundowns ilivyoifunga Zamalek ya Misri katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, jinsi Cranes, timu yetu ya taifa, walivyofuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978, na jinsi kipa wetu alivyotangazwa Januari iliyofuata, akiwa na miaka 31, kuwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka huo miongoni mwa wanaocheza barani humu. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hapo Sundowns walimtoa kwa mkopo kwa klabu ya Bidvest Wits. Kocha wa darasa hili hukumbuka, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya nimheshimu.

Kocha mwenyewe alidaka soka la kulipwa nje kwa misimu michache, akarudi na goti bovu. Hadithi zake za huko hazina sukari, nami nimeona hilo ni jema. Mafunzo yake huanza na mikono. Huweka beseni la maji ya sabuni kando ya lango, huchovya mpira humo, kisha huupiga kwa nguvu ya wastani kifuani mwa kijana, tena na tena, mpaka vidole vijifunze kukaa nyuma ya mpira na vidole gumba vikaribiane bila kugusana. Jumamosi ya kwanza mwanangu aliponyokwa na mpira mara tisa katika mipira kumi, na vumbi jekundu la uwanja likamganda na sabuni hadi nyusi. Sasa hivi anadaka mingi, na asioweza kuudaka anaupangua pembeni badala ya kuurudisha katikati, miguuni mwa mshambuliaji.

Somo ambalo sikulitarajia ni la sauti. Miongoni mwa wanafunzi kuna Waganda, Wakongomani, Wakenya na vijana wawili wa Sudan Kusini, kwa hiyo lugha ya mazoezi ni Kiswahili, na kocha anasisitiza kwamba kipa anayekwenda kucheza ugenini asipoweza kuwapigia kelele mabeki wake kwa lugha wanayoielewa atafungwa mabao ambayo mikono yake haina hatia nayo. Hapo huwatajia marehemu Abel Dhaira, aliyefariki mwaka 2016, ambaye alidaka Simba ya Tanzania na pia ÍBV ya Aislandi. Mtu huyo, husema kocha, ilibidi awaamuru mabeki wa Dar es Salaam na wale wa kisiwa chenye baridi kali, na krosi ikija hakuna muda wa kutafuta mkalimani. Basi watoto hufanya mazoezi ya kupaza sauti, "Wangu!", "Mtu!", "Piga mbali!", hata majirani wa shule wamewahi kuja kulalamika. Mwanangu, ambaye nyumbani humwambia mama yake "nimeshiba" kwa sauti ya panya, siku hizi anasikika kutoka barabarani.

Sehemu niipendayo zaidi ni ya mwisho, wanapocheza mechi ndogo. Kipa mmoja huingia langoni, na mwingine husimama nyuma ya nyavu kwa dakika ishirini, bila simu wala soga, kisha huulizwa alichokiona. Mzazi mmoja aliwahi kuteta kwamba halipi hela ili mtoto wake asimame. Kocha alimjibu kwa upole, "Mzee wangu, huko nje ndiko atakakosimama zaidi." Nilimwelewa. Winga akiwa benchi anaweza kuingizwa dakika ya 70, lakini kipa wa pili husubiri mwenzake aumie au apewe kadi nyekundu. Nafasi yenyewe ni moja, na klabu nyingi zina ukomo wa wageni, kama Afrika Kusini ambako klabu husajili watano tu, hivyo kumpa mgeni glavu ni kutumia nafasi ya gharama. Misri kwa miaka mingi imewafungia kabisa makipa wa kigeni mlango wa ligi yake. Hata Onyango, aliyeipangua penalti ya Sadio Mané wa Senegal jijini Cairo kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019 na kuwafanya watu wa mtaani kwetu wasahau kwa dakika nzima kwamba tulikuwa nyuma kwa bao moja, aliishia kuwa kipa wa pili nyuma ya Ronwen Williams baada ya huyo kusajiliwa Sundowns mwaka 2022.

Sasa nieleze malalamiko. Mwezi wa tatu msaidizi wa kocha, si kocha mwenyewe, aliniita pembeni akanionyesha bango lenye picha ya ndege na bendera za nchi nne, akanieleza kwamba kwa shilingi milioni mbili mwanangu angerekodiwa video na kupelekwa kwenye majaribio ng'ambo kabla ya mwaka kwisha. Niliomba jina la klabu, barua ya mwaliko na namba ya leseni ya wakala. Sikupewa hata kimoja, ila niliambiwa nafasi zinakwisha. Sheria za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine isipokuwa kwa masharti machache, na mtoto wa Kampala mwenye miaka 15 ambaye wazazi wake wako papa hapa sioni anaingia katika sharti lipi. Nilipomweleza kocha alikunja uso, akasema atalishughulikia, lakini bango lilikuwa bado limebandikwa kwenye mlango wa stoo Jumamosi iliyopita, na ni yeye mwenye darasa. Kwa hilo nampunguzia alama, tena nyingi.

Ada ni shilingi elfu ishirini kwa Jumamosi moja, nami naona inastahili, kwani makipa huwa hawazidi kumi na wawili na kila mtoto hufundishwa na kocha mwenyewe. Risiti hutolewa ukiiomba, kwa hiyo iombe. Mazoezi huanza saa moja na nusu asubuhi na mvua haiyavunji, maana kocha huifurahia mvua kuliko beseni lake. Glavu za kuazima zipo, lakini zimekwisha mpira viganjani na harufu yake ni ya kuku aliyenyeshewa, kwa hiyo mnunulie mtoto zake mwenyewe, kubwa kidogo kuliko kiganja, na umwambie azianike kivulini.