Moto Guzzi Stelvio kwenye barabara zetu za kaskazini, niliyoyaona mpaka sasa

Wadau wa pikipiki kubwa habarini, leo naongelea Moto Guzzi Stelvio, ile mpya ya cc 1042 iliyoanza kuuzwa 2024, sio Stelvio ya zamani ya 2008. Jamaa yetu mmoja wa hapa Arusha kaingiza moja na kwa vile huwa tunaendesha pamoja wikiendi ametuachia tuijaribu kwa zamu, mi nimeshaipeleka Karatu na nimeshaipeleka Moshi mpaka Marangu, so naongea kitu nilichokikalia sio kitu nilichokiona Youtube. Na nianze kabisa na kilichonikamata, sio hosipawa wala skrini wala jina la Kitaliano, ni shafti, yaani ule mtaimbo unaozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni.

Anayeendesha huku kwetu anajua vumbi letu. Ukiacha lami pale karibu na Makuyuni ukaingia njia za changarawe, au ukizunguka nyuma ya Meru kiangazi, ule udongo wa majivu ya volkano ni laini sana na unaingia kila mahali, ukikutana na grisi ya cheni unageuka msasa. Yangu ni ya Kijapani ya cheni, naipenda sana, lakini cheni na sproketi ndio vitu vinavyonimalizia hela kuliko kitu kingine chochote, ukiwa safari kila jioni wenzako wanaagiza nyama we umechuchumaa na brashi na kopo la spirei unasafisha cheni. Sasa hii Guzzi haina hiyo habari kabisa. Nguvu inatoka injini inaenda gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofungwa ndani ya mkono mmoja tu wa alumini upande wa kushoto, ndani kuna oili yake, basi. Tuliporudi kutoka Mto wa Mbu nilichukua kitambaa nikapangusa pale kwenye mkono wa nyuma, vumbi likatoka kavu likadondoka, chini yake chuma kisafi, hakuna grisi iliyorukia rimu, hakuna tope jeusi kwenye buti. Aisee nilikaa pale naangalia tu. Wazee wa shafti za zamani wanasema mkia unanyanyuka ukivuta akseleta na unakaa ukiachia, hapa mi sijauona wa kunisumbua, hata nilipovuta kwa nguvu katikati ya kona.

Injini yenyewe ni ile V ya Guzzi, silinda mbili zimechomoza nje moja kushoto moja kulia, mpangilio ambao wanao tangu V7 ya miaka ya 1960. Ila hii ni kizazi kipya, inapozwa kwa maji, ina rejeta, imetoka kwenye V100 Mandello waliyoionyesha 2021 walipotimiza miaka 100 ya kampuni, na hiyo ndio ilikuwa Guzzi ya kwanza ya V ya silinda mbili kupozwa kwa maji. Vichwa vya silinda wamevigeuza ili magoti yapate nafasi, na kweli yanapata, mi mrefu na sijagusa popote. Karatasi inasema hosipawa 115 na nguvu ya kuvuta Nm 105, na zaidi ya asilimia 80 ya hiyo nguvu iko tayari kuanzia mizunguko 3,500 kwa dakika. Hiyo namba ya mwisho ndio muhimu kwetu kuliko hizo nyingine. Ile milima ya kupanda ukitoka Mto wa Mbu kwenda Rhotia, unaijua, lori limejaza linapanda kwa gia ya kwanza, nyuma yake landkruza za watalii foleni, we unasubiri upenyo. Na yangu lazima nishuke gia mbili ndio nipite. Na hii niko gia ya nne, barabara ikafunguka, nikavuta kidogo tu nikawa nimeshapita wote na sijaisikia hata ikilalamika, inavuta kutoka chini kwa utulivu, mlio mzito wa kifuani, sio makelele.

Watu wanaouliza kila tunaposimama wanauliza kuhusu yule tai kwenye tangi. Kampuni ilianzishwa 1921 na Carlo Guzzi na Giorgio Parodi, kiwanda kikiwa Mandello del Lario kando ya ziwa Como, na walikuwa na rafiki yao wa tatu, Giovanni Ravelli, rubani mwenzake Parodi wa enzi za Vita ya Kwanza ya Dunia, walipanga wote watatu waanzishe kampuni lakini Ravelli akafa kwenye ajali ya ndege 1919 kabla hawajaanza. Wakaweka tai kwa ajili yake. Na Stelvio ni jina la barabara ya milimani huko Italia, inafika zaidi ya mita 2,700 na upande mmoja ina kona kali 48. Kwa hiyo wameipa jina la kona, na kwenye kona haijaaibisha jina. Kutoka Himo kupanda Marangu kule kwenye migomba, kona baada ya kona, unailaza inakaa, unainyanyua inanyanyuka bila kubishana, nilitegemea dude la uzito huu liwe zito kugeuka na halikuwa.

Uzito sasa. Ni kilo 246 ikiwa na mafuta. Ukiwa unatembea huzioni, ukisimama unaziona. Siti iko milimita 830 kutoka chini, mi miguu inafika vizuri ila mwenzetu mmoja mfupi kidogo alikuwa anagusa kwa vidole, na pale Kilombero asubuhi na zile foleni na mikokoteni na boda zinapenya kushoto kulia hakuifurahia hata kidogo, akaniambia kaka chukua hii. Kwenye changarawe iliyoshikana inaenda vizuri, shokapu zina milimita 170 za kucheza mbele na nyuma na ina modi ya off-road, unasimama kwenye pegi unaiacha ifanye kazi. Kwenye mchanga mwingi au tope la masika mi nisingeipeleka peke yangu, ikilala unahitaji mtu wa pili. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaona hizi tairi na hizi spoku wanadhani ni pikipiki ya porini. Ni ya safari ndefu inayokubali rafu rodi, hicho ndicho ilichotengenezewa, na huko ndiko inakong'ara.

Barabara ndefu yenyewe sasa. Kutoka njia panda ya Monduli mpaka Makuyuni ni wazi, upepo unapiga kutoka pembeni, unabonyeza kitufe kioo kinapanda chenyewe kwa umeme bila kusimama, upepo wa kifuani unapungua na kelele kwenye helmeti inapungua, unaweka kruzi inashika spidi yenyewe unapumzisha mkono. Asubuhi Karatu ile baridi yake kioo kikiwa juu unaona tofauti kabisa. Hafu vijijini, kwenye hamsini, trafiki wanapiga tochi kila kona, kuna pikipiki kubwa zinakera kwenye hamsini zinataka kukimbia zinatetemeka, hii unatembea nayo hamsini kuanzia Usa mpaka Maji ya Chai huku unaongea na moyo wako. Tangi ni lita 21, kiwanda kinasema inakunywa lita 5 na kidogo kwa kilometa 100, Arusha Karatu na kurudi tulifanya bila kufikiria kituo cha mafuta.

Breki ni Brembo, diski mbili za 320 mbele, na ABS yake, ile ya kuzuia gurudumu lisigande ukibana, inafanya kazi hata pikipiki ikiwa imelala kwenye kona. Niliijua thamani yake karibu na Kwasadala, mbuzi wamekatisha ghafla na lami ina michanga michanga ya mvua, nikabana, ikasimama imenyooka, mbuzi wakapita na mchungaji wao akanipungia mkono.

Kuna toleo lina rada, inatazama mbele na nyuma, inakuonya na inafuata gari la mbele kwenye kruzi. Ya jamaa haina. Mi nimeambiwa nishauri, nimeshauri asijute, maana kwa barabara zetu za ng'ombe na baiskeli na boda zisizo na taa hiyo hela bora aitie kwenye gia nzuri ya kuvaa na maboksi ya pembeni.

Vipuri ndio sehemu ya kukaa chini na kupiga hesabu kabla hujanunua. Fundi anayeijua Guzzi kwa undani hapa Arusha mi sijampata, mafundi wetu wazuri wa Kijapani wapo na wana akili, ila wakifika kwenye umeme wa hii watahitaji mashine ya kusoma kompyuta yake. Service ni kila kilometa 12,000, hiyo ni nzuri, oili unabadilisha mwenyewe. Tairi usiogope, mbele 120/70 ya 19 na nyuma 170/60 ya 17, ni saizi ile ile ya BMW R1250GS kwa hiyo zinapatikana, Nairobi ukivuka Namanga zipo, na rimu japo ni za spoku hazitumii tyubu, ukichomwa na mwiba unaziba kwa ule mpira wa kuchomeka unaendelea na safari. Unapoagiza pikipiki agiza kwenye shehena hiyo hiyo filta za oili na za hewa za kutosha, breki padi seti mbili, leva ya klachi na ya breki, oili ya shafti. Na vyuma vya kukinga injini usiviache, hizo silinda zimekaa nje kabisa, hata ikidondoka imesimama tu kwenye kokoto za kituo cha mafuta kitakachogusa chini kwanza ni kichwa cha silinda.

Jamaa ameshaagiza vyuma vyake, vikifika tunaipeleka Sanya Juu mpaka Kamwanga na kuzungukia Rombo, kule lami na vumbi vinabadilishana vizuri. Mi ya kwangu ya cheni nimeanza kuitafutia mnunuzi.