Kimbunga kinakuja: kuhama au kubaki?

Kimbunga kikikaribia, wengi huuliza upepo una kasi gani. Mimi ningeuliza kwanza maji yatafika wapi. Dhoruba huisukuma bahari ikapanda nchi kavu, na mwaka 1970 maji hayo yaliua mamia ya maelfu ya watu katika nchi ambayo leo ni Bangladesh.

Kwa hiyo anayeishi bondeni au ufukweni hana mjadala: ahame, tena mapema, kabla upepo haujaanza. Achukue dawa, vitambulisho na mafuta ya kutosha kwenye gari. Akichelewa, barabara yenyewe ni hatari. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 tu huweza kulibeba gari dogo.

Kubaki kunamfaa aliye mahali pa juu, kwenye nyumba imara. Anakwepa foleni, sawa, ila kazi anayo: lita 4 hivi za maji kwa kila mtu kwa siku, tochi, redio ya betri, chumba cha ndani kisicho na madirisha. Jenereta ikae nje, mbali na nyumba. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Na upepo ukitulia ghafla, asitoke kukagua paa. Huenda ni jicho la kimbunga linapita, na nusu ya pili huja ikivuma kutoka upande mwingine kabisa.