Seti ya Mbao ya Cutty Sark kwa Uwiano wa 1:100: Michoro Bora, Uzi Hafifu

Thamani ya seti hii ya kuunda mfano wa meli ya Cutty Sark imo katika karatasi zake za michoro, wala haimo katika mbao, uzi au vyuma vilivyofungashwa pamoja nazo. Nasema hivyo nikiwa nimekwisha kuimaliza kazi yenyewe hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya vifaa vilivyokuja ndani ya kasha nikiwa nimeviweka kando na kutumia vile nilivyovipata Kirumba, Makoroboi na kwa maseremala wa Mabatini. Mjenzi wa Ulaya akikosa kipande huingia duka la mtaa wa pili. Sisi wa kandokando ya ziwa tunaagiza na kungoja, kwa hiyo kipimo chetu cha ubora hakiwezi kulingana na chake. Nimejiuliza tangu mwanzo ni kitu gani ndani ya kasha hili ambacho mtu wa Mwanza hawezi kukipata kwa njia nyingine, na jina la kampuni iliyoitengeneza sitalitaja, kwa kuwa kasoro nyingi nitakazozieleza zinapatikana pia katika seti za kampuni nyingine za daraja hilihili la bei.

Inafaa kwanza kuieleza meli yenyewe, maana mfano hupimwa kwa meli halisi na si kwa picha iliyochapwa juu ya kasha. Cutty Sark ilishushwa majini huko Dumbarton, Uskoti, tarehe 22 Novemba 1869, siku tano tu baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa, na mfereji huo ndio uliozipa meli za mvuke njia fupi ya kwenda China na hatimaye kuzinyang'anya meli za matanga biashara ya chai. Ilibeba shehena yake ya mwisho ya chai mwaka 1877, kisha ikajipatia sifa kubwa zaidi kwa kubeba sufu kutoka Australia kuanzia mwaka 1883 hadi 1895, ilipouzwa kwa Wareno. Leo imewekwa Greenwich, London. Jambo muhimu kwa mjenzi ni kwamba mataruma yake, yaani mbavu za ndani, yalikuwa ya chuma na mbao zikapigiliwa juu yake, mtindo uliowaruhusu waundaji kuipa umbo jembamba na refu bila kuijaza tumbo kwa magogo. Mfano wowote unaoifanya ionekane nene umekosea tangu mwanzo.

Uwiano wa 1:100 ni chaguo la busara. Kila mita ya meli halisi inakuwa sentimita moja mezani, na mjenzi anaweza kukagua kazi yake kwa rula ya shule bila kikokotoo: mwili wa meli wenye mita 65 hivi unakuwa sentimita 65, na ukijumlisha mlingoti wa maji unaochomoza mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, urefu wote unafika sentimita 85. Baharia wa kimo cha kawaida angekuwa na milimita 17. Kipimo hicho hunisaidia kuamua kama ngazi, mlango au ukingo wa sitaha una ukubwa unaoaminika, na kwa kipimo hicho milango ya kibanda cha sitaha iliyomo katika seti hii ingempasa baharia ainame ili apite.

Sasa michoro. Kuna karatasi kubwa zinazoonyesha meli kwa ubavu, kwa juu na kwa mikato ya upande, zote kwa ukubwa uleule wa mfano, na hakuna hata mstari mmoja nilioukuta ukipingana na mwingine. Kila taruma lina namba, na namba hizo zinalingana na zile zilizochomwa kwa leza kwenye ubao. Mchoro wa milingoti unaonyesha kipenyo cha kila foromali, yaani mti wa kulala unaobeba tanga, katikati na nchani, jambo ambalo seti nyingi hulipuuza na kumwachia mjenzi akisie. Watu wa ziwa hili tuna sababu ya kuithamini kazi ya namna hiyo. Meli ya William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa na kuunganishwa upya Kisumu, ambako ilishushwa ziwani mwaka 1900, na Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961 ilifika kwa njia hiyohiyo. Meli inayokuja kwa vipande ni nzuri kadiri michoro yake ilivyo sahihi, iwe na urefu wa mita 65 au sentimita 65.

Ubao wa mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, kwa bahati mbaya ulifika ukiwa umepinda. Kosa hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mkuku ukiwa na mpindo mdogo, mataruma yote yatafuata, na meli itakuwa na ubavu mmoja mnene kuliko mwingine hata mbao zikipigwa kwa ustadi wa namna gani. Sikujaribu kuunyoosha. Nilibandika mchoro juu ya plaiwudi ya milimita 5 kutoka kwa seremala, nikakata mkuku mpya kwa msumeno mwembamba, na hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba michoro peke yake ingetosha.

Upigaji wa mbao za ubavu ni wa tabaka mbili: la kwanza la mti laini, la pili la mti wa rangi ya kahawia unaobandikwa juu yake kama ngozi. Kijitabu cha maelekezo kinalimaliza somo hili kwa picha chache, ilhali ndilo linalowashinda wanaoanza. Mzingo wa meli katikati ni mkubwa kuliko mzingo wake mbele, na kwa sababu hiyo mbao za upana mmoja haziwezi kwenda sambamba kutoka omo hadi tezi. Kila ubao lazima upunguzwe upana kuelekea nchani, na ni vizuri usipungue chini ya nusu, la sivyo utapasuka unapopigwa pini. Kwa Cutty Sark omo ni kali kama kisu, kwa hiyo mbele mbao hujikunja kidogo tu na kazi inaenda kwa raha. Shida iko nyuma, chini ya tezi, ambako umbo linageuka kwa ghafla kutoka kusimama wima hadi kulala. Huko ubao unahitaji kulowekwa katika maji ya moto na kukunjwa taratibu juu ya kitu cha moto cha mviringo, kisha kushikiliwa kwa vibanio vya nguo mpaka ukauke. Mafundi wa mitumbwi wanaofanya kazi kwenye mialo yetu wanajua vizuri kwamba ubao una upande unaokubali kukunjwa na upande unaokataa, na mtu atakayekaa nao mchana mmoja ataelewa zaidi kuliko kwa kijitabu kile.

Mbao za tabaka la kwanza ni nzuri na sina lalamiko. Za tabaka la pili zilikuwa na rangi zisizolingana, nyingine zikiwa na vinyweleo vikubwa ambavyo kwa uwiano wa 1:100 vinaonekana kama mashimo. Ningeshauri mjenzi asikimbilie mninga kwa kufuata rangi yake nzuri, kwa kuwa vinyweleo vyake navyo ni vikubwa mno kwa kazi ndogo kama hii. Katika Cutty Sark tatizo hili linapungua kwa sababu sehemu ya juu ya mwili hupakwa rangi nyeusi na ya chini hufunikwa kwa bati.

Bati hilo ndilo jambo lililoniudhi zaidi. Meli halisi ilivikwa mabati ya aloi ya shaba na zinki, takriban sehemu 60 za shaba kwa 40 za zinki, ili minyoo ya baharini isitoboe mbao na magugu yasijishike. Aloi hiyo ina rangi ya manjano, karibu na shaba nyeupe ya vitasa vya milango ya kale. Seti inakuja na utepe wa shaba nyekundu unaong'aa kama sarafu mpya, na picha ya kwenye kasha imeutukuza mng'ao huo. Mtengenezaji aliyechora milingoti kwa uangalifu ule hawezi kudai kwamba hakujua. Utepe wenyewe unabandikika vizuri, hilo nalikubali, na ukipakwa rangi nyepesi ya manjano iliyochujwa unakaribia ukweli.

Sitaha haina mengi. Vipande vyake vimekatwa kwa usahihi, na mjenzi akipitisha penseli laini kwenye ukingo wa kila kipande kabla ya kukibandika, mistari ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, inajitokeza yenyewe.

Vyuma vya kusubu vimefanywa kwa haraka. Sanamu ya omo, ambayo kwa meli halisi ni mwanamke aliyenyoosha mkono akiwa ameshika mkia wa farasi, ilikuja bila uso wa kutambulika, na nanga zilikuwa na mabaki ya kalibu yaliyohitaji kupigwa tupa kwa muda mrefu. Kapi za mbao ndizo mbaya zaidi: zimekatwa mraba na kutobolewa pembeni badala ya katikati. Nilizitupa, nikachonga nyingine kwa mti wa mchungwa, ambao ni mgumu, una nyuzi zilizoshikana na haupasuki unapotobolewa kwa sindano ya moto. Tawi moja kavu la mchungwa linatosha meli nzima. Kwa vipande vyeusi, mabaki ya mpingo kutoka kwa wachonga vinyago hayana mshindani.

Ninakuja kwenye kamba, ambako seti imeshindwa kabisa. Meli halisi ina zaidi ya kilomita 17 za kamba. Kwa uwiano wetu ni zaidi ya mita 170 za uzi, na hata ukiamua kurahisisha na kuacha nusu yake, bado macho ya mtazamaji yatatua kwenye kamba kabla ya kitu kingine chochote. Kasha lina uzi wa unene wa aina mbili tu, mweusi na wa rangi ya mchanga, wote ukiwa na manyoya. Kamba nene zinazoishikilia milingoti isianguke, jarari zinazopandisha foromali na demani zinazovuta ncha za matanga haziwezi kuwa na unene mmoja. Kamba yenye kipenyo cha milimita 30 melini inapaswa kuwa na milimita 0.3 kwenye mfano, na ile ya kufungia tanga iwe chini ya nusu ya hapo. Unahitaji unene wa aina tano au sita, la sivyo meli itafanana na kitanda cha kamba kilichosimamishwa.

Wengi watafikiria mara moja uzi wa nyavu, kwa kuwa Kirumba umejaa madukani kwa kila unene. Nailoni ina kasoro mbili: inang'aa, na hunyonya unyevu ikarefuka, hivyo kamba iliyokazwa vizuri wakati wa kiangazi inalegea masika yakianza. Pamba nayo hufanya kinyume, hujivuta ikilowa, na inaweza kupindisha ncha nyembamba za milingoti. Uzi wa cherehani wa poliesta hautikiswi sana na hali ya hewa, unapatikana kwa rangi nyingi katika maduka ya washonaji, na ukisokotwa nyuzi mbili, tatu au nne pamoja unatoa unene wote unaotakiwa. Mashine ya kusokotea ni kulabu chache na drili ndogo ya mkono. Baada ya kusokota, pitisha uzi kwenye nta ya nyuki ili manyoya yalale. Kazi hii ni ya miezi mingi na sitaidai kuwa ya kuburudisha kila jioni, ila uzi wa namna hiyo unaubeba mfano mzima.

Vanishi ipakwe mchana na ikauke kabla ya jua kuzama. Wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku hawabagui sitaha ya meli ya chai.

Kuhusu gharama, asiangalie mtu bei ya kwenye tangazo pekee. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa ikijumlishwa na usafirishaji na bima, kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe, na kasha lenye urefu wa karibu mita moja halisafirishwi kwa bei ya barua. Wauzaji wengine wa seti kama hizi hukubali kuuza michoro peke yake ukiwaandikia. Kwa fundi mwenye msumeno mwembamba na subira ya kutafuta mbao, hilo ndilo agizo ninalolipendekeza, kwa sababu karatasi zilizokunjwa husafiri kwa gharama ndogo na hazipindi njiani kama mkuku wangu. Anayeanza kabisa anunue seti kamili, apate mataruma yaliyokwisha kukatwa, lakini aweke akiba ya uzi na kapi tangu siku anayolipia.

Atakayefika mwisho asiiache meli kwenye rafu wazi, maana vumbi la kiangazi likishakaa kwenye kamba haliondoki bila kukata kitu. Mafundi wa alumini na vioo wa mjini hutengeneza kabati kwa vipimo utakavyowapa. Waambie urefu wa mita moja, kimo cha sentimita 65 na kina cha sentimita 35, kwa kuwa foromali kubwa ya mlingoti mkuu peke yake inachukua karibu sentimita 24, na mlango wa kabati uwe ubavuni, upande mrefu, ili mkono uweze kuifikia milingoti yote mitatu bila kuigusa kamba.