Vigari vya mgongano kwa darasa la fizikia: seti niliyonunua Mwanza

Seti hii ya vigari viwili vya mbao na reli yake, niliyoinunua kwa ajili ya wanafunzi wangu katika duka la vifaa vya shule hapa Mwanza, inafanya vizuri jambo moja linaloshinda ubao na chaki: inaonyesha kwamba vitu viwili vinapogongana, kani (nguvu ya msukumo) inayokipata kimoja ni sawa na inayokipata kingine, hata kama tungamo zao zinatofautiana.

Kila kigari kina springi mbele, na kando yake kijiti chenye kipete cha mpira kinachobaki pale kiliposukumwa. Kigari chepesi kina kilo 0.5 na kizito kilo 1, na wanafunzi karibu wote hutabiri kuwa springi ya kile chepesi itabonyea zaidi. Vipete vyote viwili husimama kwenye alama ileile. Kwangu mimi, ubishi unaozuka darasani hapo umeilipa bei yote.

Kinachotofautiana ni mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika kwa kila sekunde. Ukivigeuza vikutane kwa upande wenye vitambaa vya kunata, chepesi kikienda mita 0.6 kwa sekunde na kizito kikija kwa mita 0.3 kwa sekunde, momenta zao (tungamo mara kasi) hufutana na vyote husimama papo hapo. Mgongano huo ukichukua sekunde 0.05, kani ya wastani ni nyutoni 6 kwa kila kimoja, lakini chepesi hupunguziwa mwendo kwa mita 12 kwa sekunde mraba, na kizito kwa 6 tu. Sponji iliyomo kwenye boksi hurefusha muda wa mgongano; ukifika sekunde 0.2, kani hushuka hadi nyutoni 1.5, na hiyo ndiyo kazi ya matairi chakavu yanayoning'inizwa kwenye gati za ziwani.

Kasoro zipo. Magurudumu ya kigari kizito yalikuwa yanakwaruza, na ile mbinu ya kuinamisha reli ili kufidia msuguano haisaidii hapa, kwa kuwa vigari vinatoka pande mbili. Muuzaji aliyabadilisha magurudumu hayo bila ubishi. Linalokera zaidi ni karatasi ya maelekezo, inayodai kuwa nishati mwendo haipotei hata katika jaribio la vitambaa, ilhali vigari vimesimama mbele ya macho ya mwanafunzi na jouli zote 0.135 zimegeuka joto, sauti na mkunjo wa vitambaa. Anayeinunua akiviringishe kwanza kigari kizito kabla ya kulipa, na karatasi hiyo aiache kaunta.