Power BI Katika Ofisi ya Ugavi: Tathmini ya Mtumiaji wa Dar es Salaam

Kampuni inayosambaza bidhaa kutoka Kariakoo kwenda mikoani haiwezi kupanga mwaka mzima kwa kutegemea makadirio ya namba moja. Kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, mafuriko ya Jangwani hufunga Barabara ya Morogoro, na thamani ya shilingi kwa dola huweza kubadilika kabla mzigo haujatoka bandarini. Kwa kigezo hicho ninaipima Power BI, programu ya Microsoft iliyotolewa rasmi mwaka 2015, ambayo idara yetu huitumia kuchanganua mauzo, akiba ya ghalani na gharama za usafirishaji.

Ubora wake mkubwa uko kwenye utabiri wa grafu ya mstari. Programu huyapa mauzo ya karibuni uzito mkubwa kuliko ya zamani, kisha huchora mwelekeo wa miezi ijayo pamoja na ukanda wenye kivuli unaoonyesha mpaka wa juu na wa chini. Ukanda huo ndio unaostahili kujadiliwa kikaoni, kwa maana wakuu wa idara waliozoea kuuliza “tutauza kiasi gani?” sasa huulizana ni oda ipi iahirishwe mauzo yakishuka hadi mpaka wa chini, na kama ghala litatosha yakipanda. Vilevile mhasibu anaweza kubadilisha bei ya dizeli au ya dola kwa kusogeza kitelezi, na faida ya kila njia ikaonekana upya papo hapo. Nadhani sehemu hii pekee inatosha kuhalalisha muda wa kujifunza.

Hata hivyo, programu huona kile tu ilicholishwa. Mei 2024, katika kipindi cha kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya Lindi na Mtwara. Mauzo ya zamani yasingeweza kulibashiri hilo. Kwa sababu hiyo tunalo jedwali la matukio ambamo makarani hujaza taarifa za madereva kuhusu barabara na mvua. Bila jedwali hilo, mwezi ambao mzigo haukufika ungesomeka kama mwezi ambao wateja hawakuhitaji bidhaa, na oda inayofuata ingepunguzwa wakati ambapo maduka ya kusini yamebaki matupu. Ninalisisitiza hili kwa kila kampuni inayofikiria kuanza: mwandae kwanza karani wa takwimu, ndipo mnunue leseni.

Toleo la kompyuta ni la bure, ila hufanya kazi kwenye Windows pekee. Leseni ya Pro, inayohitajika kushirikishana ripoti mtandaoni, ni dola 14 kwa mtumiaji kwa mwezi tangu Aprili 2025, gharama ambayo nayo hupanda shilingi inaposhuka. Duka lenye tawi moja halina haja nayo, kwa kuwa Excel ya 2016 na matoleo yaliyofuata yana karatasi ya utabiri inayochora mpaka wa juu na wa chini vilevile.